Mwongozo Kamili wa Kuondoa Uchafu Sugu Kwenye Rangi ya Gari

Gari linaweza kuoshwa kwa sabuni na maji mengi, likakaushwa hadi likang'aa kwa mbali, na bado kiganja kikipita juu ya boneti kikahisi ukwaru. Ukwaru huo si vumbi. Ni lami iliyorushwa na matairi, vichembe vya chuma vilivyojikita katika rangi, utomvu wa mti uliokauka, chumvi zilizoachwa na maji ya kisima, na mara nyingine ni ukungu wa rangi ya fundi aliyekuwa akipuliza geti la jirani. Uchafu wa namna hii umeishika rangi, na sabuni ya kawaida haina uwezo wa kuuachanisha nayo.

Hapo ndipo watu wengi huongeza nguvu. Hutumia dodoki gumu, stiliwaya, wembe, au sabuni ya unga iliyokorogwa nzito, na wakimaliza uchafu umetoka kweli, lakini umeondoka na mng'ao wa rangi na kuacha michubuko ambayo jua la asubuhi huionyesha yote. Mwongozo huu unafuata njia tofauti: kila uchafu una kimiminika kinachouyeyusha, na kusugua huachiwa kile tu ambacho hakikuyeyuka.

Rangi ni nyembamba kuliko inavyodhaniwa

Kwenye magari mengi ya kisasa, juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa klia, yaani tabaka angavu lisilo na rangi ambalo ndilo linalong'aa na kuikinga rangi dhidi ya jua. Matabaka yote kwa pamoja kwa kawaida huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150, na klia peke yake ni maikroni 40 hadi 50 hivi, wakati unywele mmoja wa binadamu una takriban maikroni 70. Klia inayosagwa hairudi. Polishi hung'arisha kwa kuondoa kiasi kidogo cha klia hiyo, na kwa sababu hiyo kila mara uchafu unapotoka kwa kuyeyushwa badala ya kusagwa, mwenye gari amejiwekea akiba.

Kuna jambo jingine ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya magari mapya hulipita. Magari mengi yanayotembea katika miji yetu yaliingia nchini yakiwa yametumika, na mengi yamewahi kupita kwa fundi rangi, kama si mwili mzima basi bampa na mlango mmoja. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye tanuri na huvumilia viyeyusho vingi kwa muda mfupi. Rangi ya gereji iliyopulizwa bila kuchanganywa na kikaushio haivumilii, na inaweza kulainika na kufutika mara tu inapoguswa na thina. Kwa hiyo, kabla ya kugusa gari zima, chagua mahali palipojificha, kwa mfano upande wa ndani wa ukingo wa mlango au chini kabisa ya bampa, weka tone la kimiminika unachokusudia kukitumia kwenye kitambaa cheupe, na ufute taratibu. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, kimiminika hicho hakifai hapo. Sehemu iliyopulizwa upya hivi karibuni iachwe angalau mwezi 1 kabla ya kutumia dawa yoyote, na fundi aliyeipaka ndiye anayejua aliweka nini.

Magari yenye rangi ya matti, isiyong'aa, pamoja na yale yaliyobandikwa stika mwili mzima, hayaingii katika hatua za polishi na za udongo wa kusafishia rangi (kipande laini cha sintetiki kinachotelezeshwa juu ya rangi ili kibebe vichembe) zilizoelezwa hapa. Polishi juu ya matti huacha kiraka kinachong'aa ambacho hakiondoki.

Kuutambua uchafu kabla ya kuchagua dawa

Osha gari, likaushe, kisha valisha vidole plastiki nyembamba na uvipitishe polepole juu ya boneti, paa na milango. Plastiki huondoa msuguano wa ngozi, na vichembe ambavyo kiganja kitupu hakikuvigundua husikika waziwazi. Mifuko ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2017 na Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki iliyofungia mkate inafanya kazi hiyo bila tatizo.

Baada ya vidole, tumia macho. Vidoa vyeusi vilivyoinuka kidogo, vilivyosongamana nyuma ya matairi na kwenye sehemu ya chini ya milango, ni lami. Nukta ndogo za rangi ya chungwa au kahawia zilizotawanyika, ambazo kwenye gari jeupe huonekana kana kwamba rangi imeanza kupata kutu, ni vichembe vya chuma. Duara jeupe lenye ukingo mzito kuliko katikati yake ni alama ya maji. Matone ya manjano yanayong'aa, magumu kwa ukucha, ni utomvu. Ukwaru uliosambaa sawasawa upande mmoja wa gari bila doa lolote linaloonekana mara nyingi ni ukungu wa rangi, na inafaa kukumbuka gari liliegeshwa wapi wiki zilizopita.

Karakana za kuchomelea mageti na madirisha zinastahili kutajwa peke yake. Grinda inapokata chuma hurusha cheche, na kila cheche ni kipande cha chuma chenye moto. Kikitua juu ya klia huiyeyusha kidogo, hujizamisha humo na kupoa, kisha unyevu wa hewa, ambao ukanda wa pwani unao mwaka mzima, hukifanya kipate kutu na kutanuka. Mtu anayeegesha gari mita chache kutoka karakana ya namna hiyo kila siku atapata uchafu wa chuma mwingi kuliko unaotoka kwenye breki za magari barabarani.

Mahali, wakati na vifaa

Kazi hii hufanyika kivulini, bati likiwa baridi. Boneti jeusi lililokaa juani saa za mchana linaweza kufika nyuzi joto 70 hivi, na dawa yoyote itakauka juu yake kabla haijafanya kazi, ikiacha alama mpya mahali pa ile ya zamani. Anza asubuhi mapema au alasiri jua likishapungua nguvu, na usianze kabisa ikiwa huna saa 3 au 4 za utulivu.

Vifaa si vingi. Utahitaji ndoo 2, shampuu ya gari, glovu ya kuoshea au sponji laini, na vitambaa vya maikrofaiba visivyopungua 6 ili vya lami visichanganyike na vya kukaushia. Ongeza dawa ya kuondoa lami au tapentaini ya dukani, dawa ya chembe za chuma, spiriti, siki nyeupe, udongo wa kusafishia rangi, chupa 2 za kupulizia, glovu za mpira na nta au kinga nyingine ya kumalizia. Mashine ya maji ya presha husaidia, lakini mpira wa bustani wenye maji ya kutosha unatosha. Maji ya kisima yenye chumvi yatumike kwa kuosha tu pale ambapo hakuna mengine, na suuza ya mwisho iwe ya maji ya bomba au ya mvua yaliyokingwa.

Hatua ya kwanza: kuosha

Anza na rimu, kwa sababu ndizo chafu zaidi na maji yake hurukia milango. Kisha mwagia mwili mzima maji kutoka juu kwenda chini, ukikaa zaidi kwenye madigadi na chini ya milango ambako mchanga hujificha, hadi mchanga wote uanguke wenyewe. Ndoo moja iwe na maji ya shampuu na nyingine iwe na maji matupu ya kusuuzia sponji kila baada ya kuosha sehemu moja, ili mchanga uliotoka mlangoni usirudishwe kwenye boneti. Osha paa kwanza, bampa mwisho. Sabuni ya unga inayopendwa na vijana wa kuoshea magari pembeni mwa barabara hutoa povu zuri, lakini ni kali na huondoa nta yote iliyokuwepo. Kwa siku hii moja hilo si hasara kubwa, maana nta itapakwa upya, ila isiwe mazoea.

Suuza, na usikaushe bado.

Hatua ya pili: lami

Lami hutangulia kwa sababu ndiyo inayonata. Ikiachwa, itachafua udongo katika hatua za baadaye na kupakazwa kutoka mlango hadi mlango, na mara nyingi chini ya tone la lami kuna kichembe cha chuma ambacho dawa yake haiwezi kukifikia hadi lami iondoke.

Lami ya barabara inatokana na mafuta ghafi ya petroli, na kwa hiyo huyeyushwa na jamaa zake. Dawa maalumu ya kuondoa lami ndiyo bora, kwa kuwa imetengenezwa ikae juu ya rangi kwa muda unaofaa kisha isuuzike kwa maji. Isipopatikana, tapentaini ya dukani, ile inayotumika kulainisha rangi za mafuta za nyumba, hufanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo. Mafuta ya taa pia huyeyusha lami, ila huchelewa kukauka na huacha utelezi unaohitaji kuoshwa mara mbili. Petroli na thina ya kupulizia sizipendekezi hata kidogo. Mvuke wa petroli hushika moto kutoka umbali ambao mtu hautarajii, na thina inaweza kuondoka na rangi ya gereji kwa mfuto mmoja. Wapo pia wanaoshauri mafuta ya breki, na hao wasisikilizwe: mafuta ya breki ya kawaida huibabua rangi hadi kwenye praima.

Kausha sehemu unayoishughulikia, kwa sababu maji huzuia kiyeyusho kisigusane na lami. Lowesha kitambaa, kibandike juu ya doa na ukiache hapo kwa dakika 1 hadi 2 bila kusugua. Utaona kahawia ikianza kutiririka kando ya kitambaa. Nyanyua, futa kwa mkono mwepesi kuelekea chini, geuza upande safi wa kitambaa, kisha futa tena. Tone nene halitoki mara moja, kwa kuwa kiyeyusho hula tabaka la juu kwanza, hivyo rudia mara 3 au 4 badala ya kulikwangua kwa ukucha, kwani ndani ya lami iliyorushwa na tairi kuna mchanga wa kokoto. Shughulikia eneo lisilozidi mlango mmoja kwa wakati, na usiache kiyeyusho kikauke juu ya rangi.

Epuka mipira ya madirisha, plastiki nyeusi zisizopakwa rangi na, zaidi ya yote, taa za mbele. Plastiki ya taa hizo inaweza kupata nyufa nyembamba ikiguswa na viyeyusho, na nyufa hizo hazina tiba. Hakikisha hakuna sigara, jiko la mkaa wala jenereta inayonguruma karibu. Ukimaliza, osha sehemu yote kwa shampuu mpya, kwa sababu mabaki ya tapentaini yatazuia dawa inayofuata.

Hatua ya tatu: chembe za chuma

Dawa nyingi za chembe za chuma zinategemea chumvi za asidi ya thioglikoliki. Kemikali hiyo hushikana na chuma na kutengeneza mchanganyiko wa rangi ya zambarau unaoyeyuka katika maji, na ndiyo maana gari lililopulizwa dawa hii huonekana kana kwamba linavuja damu ya zambarau. Harufu yake nzito haitakuwa ngeni kwa aliyewahi kukaa saluni ya miaka ya kalikiti, maana dawa ile ya nywele ilitegemea kemikali ya ukoo huohuo. Vaa glovu, fanya kazi penye hewa, na usiipulize dhidi ya upepo.

Puliza dawa juu ya rangi iliyooshwa, yenye unyevu kidogo au kavu, na isiwe ya moto. Anza na milango ya chini na sehemu ya nyuma ya gari, ambako chuma huwa kingi, kisha boneti na paa. Subiri dakika 3 hadi 5. Kwenye gari jeupe au la fedha utaona nukta zikigeuka zambarau na kuchirizika. Kwenye gari jeusi huenda usione kitu, lakini povu la suuza litakuambia. Dawa ikielekea kukauka kabla ya muda huo, iongezee maji kidogo kwa chupa ya kupulizia. Pitisha sponji laini iliyolowa ili kuifikisha kila mahali, kisha suuza kwa maji mengi, ukikumbuka mianya ya milango na nyuma ya kibao cha namba, kwa maana dawa iliyojificha humo hutiririka baadaye na kuacha michirizi.

Mzunguko wa pili unahitajika kwa magari ambayo hayajawahi kusafishwa hivi. Nukta iliyobaki ya chungwa baada ya mizunguko miwili mara nyingi ni kichembe kilichozama sana, nacho kiachiwe udongo. Ikiwa hata udongo haukitoi, huenda si kichembe bali ni kutu ya bati lenyewe inayochomoza kupitia jeraha la jiwe, na hiyo ni kazi ya fundi rangi.

Kwa kuwa sokoni kuna chupa nyingi zenye maandishi makubwa na kilicho ndani kisichojulikana, ijaribu dawa kwenye rimu ya mbele iliyopoa na yenye unga mweusi wa breki kabla ya kuiamini. Breki za mbele hufanya kazi kubwa kuliko za nyuma, na unga wake una chuma cha kutosha. Ikiwa baada ya dakika chache hakuna zambarau yoyote, ulichonunua ni sabuni ya rangi. Jaribio hilo lisifanywe rimu ikiwa bado ya moto kutoka barabarani.

Hatua ya nne: uchafu ulio hai, yaani miti, ndege na wadudu

Kuegesha chini ya mwembe ni jambo ambalo jua la pwani hulilazimisha, na kila mwenye gari anajua bei yake. Lakini kinachodondoka kutoka mwembeni ni vitu viwili tofauti. Kimoja ni utomvu halisi, unaotoka kwenye kikonyo cha embe au jeraha la tawi. Kingine ni umajimaji wa sukari unaotolewa na wadudu wadogo wanaofyonza majani, nao huanguka kama manyunyu na kuacha vidoa vingi vidogo vinavyonata na kuvuta vumbi. Huu wa pili huyeyuka kwa maji ya vuguvugu yenye shampuu. Ufunike kwa kitambaa kilicholowa kwa dakika 10 na utatoka. Utomvu halisi hauogopi maji. Huo utafutiwa spiriti: lowesha pamba, iweke juu ya tone kwa nusu dakika, zungusha taratibu bila kukandamiza, na ubadilishe pamba mara inapoanza kunata. Spiriti hukauka haraka, kwa hiyo iongezwe badala ya kusugua pamba kavu.

Kinyesi cha ndege ni adui wa haraka kuliko wote walioorodheshwa hapa, na kunguru wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, ambao waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa hadi bara, hawampi mtu nafasi ya kusahau. Sehemu yake nyeupe ina asidi ya uriki. Juani klia hutanuka na kulainika, na usiku hupoa na kujikaza ikiufuata umbo la kinyesi kilichokauka juu yake, na kwa sababu hiyo alama huonekana hata baada ya kinyesi kutoka. Kinyesi kilichokauka kisifutwe kamwe kikiwa kikavu, kwa kuwa ndani yake kuna mbegu na mchanga. Kifunike kwa kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu yenye shampuu, subiri dakika 5 hadi 10, kisha kinyanyue kwa kukikunja ndani ya kitambaa. Ikiwa imebaki alama isiyo na mng'ao, doa limekwisha kuingia kwenye klia na hakuna dawa ya kuosha itakayolitoa, litasubiri polishi.

Wadudu wa safari za usiku, wanaojaa kwenye bampa na vioo vya pembeni, hulowekwa kwa namna ileile.

Hatua ya tano: alama za maji na saruji

Maji ya visima vingi yana kalsiamu na magnesiamu. Tone likikauka juani, maji huondoka na madini hubaki yamejibana kwenye duara. Madini hayo huyeyushwa na asidi hafifu. Changanya siki nyeupe na maji safi kwa kiasi sawa, lowesha kitambaa, kiweke juu ya alama kwa dakika 1 hadi 2, kisha suuza kwa maji mengi na uoshe kwa shampuu ili asidi isibaki. Ndimu, ambayo wengi huikimbilia, haina kipimo kinachojulikana na huacha sukari inayonata, kwa hiyo siki ni bora. Kioo cha mbele hutibiwa hivihivi.

Saruji ni ngumu zaidi, na katika mitaa inayojengwa kila kukicha haikwepeki. Ikiwa bado mbichi, imwagie maji mengi mara moja, maana ni kali kwa rangi na kwa ngozi pia. Ikishakauka usiibandue, kwa sababu itaondoka na klia. Ilowekwe kwa kitambaa cha siki iliyochanganywa vilevile, ibadilishwe kila baada ya dakika chache, na itaanza kumumunyuka pembeni. Inapolainika, ukingo wa kadi ya plastiki iliyozungushiwa kitambaa unaweza kuisukuma. Gari lililomwagikiwa eneo kubwa lipelekwe kwa fundi mwenye dawa ya saruji. Asidi ya kusafishia vyoo isitumike kwa hali yoyote, hata kama aliyeipendekeza ni fundi mwashi mwenyewe.

Hatua ya sita: udongo wa kusafishia rangi

Sasa vidole vyenye plastiki virudi tena juu ya rangi. Kilichobaki ndicho kinachohitaji udongo. Kifaa hiki si udongo wa ardhini; ni kipande cha kitu laini cha sintetiki kilichochanganywa na chembe nyembamba sana za kusagia, nacho kilitengenezwa Japani na Tadao Kodate, ambaye alipewa hataza zake Marekani katika miaka ya 1990. Kinapotelezeshwa juu ya rangi yenye ulainisho wa kutosha, hukutana na kila kichembe kilichochomoza, hukikata na kukibeba, na eneo lililo laini hupitwa bila kuguswa sana.

Udongo huuzwa kwa viwango vya ukali, na kwa gari la mtu binafsi chagua ulio laini kabisa hata kama muuzaji anausifu ule mkali. Kata kipande cha gramu 50 hivi, kikande mikononi kama unga wa chapati hadi kilainike, kisha kitandaze kiwe bapa la ukubwa wa vidole vitatu. Jaza chupa ya kupulizia maji yenye matone machache ya shampuu ya gari. Puliza eneo la sentimita 50 kwa 50 hadi lilowe kabisa, puliza na udongo wenyewe, kisha utelezeshe kwa mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi, bila kuzungusha. Mkono usikandamize, uzito wa vidole unatosha. Mwanzoni udongo utakwama kidogo na kutoa sauti ya mkwaruzo, na baada ya kupita mara kadhaa utaanza kuteleza kimya. Ukimya huo ndio ishara ya kuhamia eneo la pili. Udongo ukikwama wakati eneo ni safi, basi ulainisho umepungua, na kuongeza maji ni lazima kabla ya kuendelea.

Kila baada ya eneo moja, tazama uso wa udongo. Kwenye gari jeupe lililokaa karibu na karakana, utakuta umejaa nukta za kahawia baada ya kipande kimoja cha boneti. Ukunje ndani, ukande, upate uso mpya. Ukishakuwa kijivu kila unapoukunja, utupe na kukata kingine. Ukianguka chini, hata mara moja, hata kama unaonekana safi, utupwe hapohapo, kwa sababu chembe moja ya mchanga itachora mstari kwenye kila kitu utakachogusa baadaye. Ndiyo sababu ya kukata vipande vidogo badala ya kutumia donge zima. Kinachobaki kihifadhiwe kwenye kopo lake lenye kifuniko, kikipuliziwa maji ya shampuu kisikauke.

Ukungu wa rangi kutoka kwa fundi wa mageti hutoka kwa udongo peke yake, na hapa uvumilivu unahitajika kuliko dawa. Ukungu uliotua juu ya kioo hutoka kirahisi zaidi, hivyo anza huko ili kupata ujuzi wa mkono.

Hatua ya saba: polishi ikihitajika, kisha kinga

Osha gari mara ya mwisho, likaushe kwa kitambaa kikubwa cha maikrofaiba kwa kukigandamiza badala ya kukiburuta, na ulitoe kwenye mwanga. Udongo unaweza kuacha ukungu mwepesi wa michubuko, hasa kwenye magari meusi na ya bluu iliyoiva. Ikiwa hauonekani, pita moja kwa moja kwenye kinga. Ukionekana, polishi laini ya kumalizia, kwa mkono au kwa mashine ya kuzunguka kwa mtikisiko, inatosha, na alama za kinyesi cha ndege na za maji zilizokula klia zitapungua katika hatua hiyohiyo. Rangi ya gari ikihamia kwenye pedi, sehemu hiyo haina klia, au klia imekwisha, na polishi isimame hapo. Mashine kubwa ya mzunguko mmoja inayotumika gereji huchoma rangi kwenye kingo za boneti na mikunjo ya milango, na si kifaa cha kujifunzia kwenye gari lako mwenyewe.

Rangi iliyopita udongo iko wazi kabisa, haina nta wala mafuta, na usiku mmoja chini ya mwembe utaanza kuichafua upya. Kinga ipakwe siku hiyohiyo. Futa kwanza kwa spiriti iliyochanganywa na maji, sehemu 1 ya spiriti kwa sehemu 4 za maji, ili mabaki ya polishi yatoke. Nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya mitende unaomea kaskazini-mashariki mwa Brazili, hutoa mng'ao wenye kina, na huyeyuka kwenye nyuzi joto 82 hadi 86, kiwango ambacho paa la gari jeusi linalokaa juani kutwa halipo mbali nacho. Usitarajie idumu zaidi ya wiki chache. Kinga za sintetiki huvumilia joto kwa miezi kadhaa, na kwa gari lisilo na banda la kulala ndizo ninazozichagua. Ipi utakayotumia, ipakwe nyembamba sana, iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha ifutwe. Kupaka nene hakuongezi kinga, bali huongeza kazi ya kufuta.

Vitambaa vilivyotumika kwa tapentaini visitupwe kwenye rundo ndani ya stoo. Vitandazwe nje vikauke kwanza, mbali na moto. Maji ya dawa ya lami yasielekezwe kwenye bustani wala kwenye shimo lililo karibu na kisima.

Udongo upitishwe mara 1 au 2 kwa mwaka, na si kila mwezi, kwa maana nao husaga kidogo. Dawa ya chembe za chuma inaweza kurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4 kwa anayeegesha karibu na karakana. Kwa kunguru, weka kwenye buti chupa ndogo ya maji ya shampuu na vitambaa 2 safi, na kinyesi kikionekana asubuhi kitolewe asubuhi hiyohiyo, kabla bati halijapata joto.